Taa Inawaka, Mashine Imelala



Zamani, katika nyumba za mwambao wetu, vitu vya thamani vilikuwa na mahali pamoja pa kuwekwa, nalo ni kasha. Humo zilitiwa hati za nyumba na shamba, dhahabu ya bibi, barua zilizotoka Unguja na Arabuni, na doti za leso zilizokuwa zikingoja siku yake. Ufunguo ulifundikwa katika ncha ya leso ya mama wa nyumba, wala hapakuwa na mtu aliyelifungua kasha lile pasi na yeye kuwapo.

Siku hizi nyumba nyingi hazina kasha, lakini zina laptopu. Ndani yake mna masomo ya watoto, hesabu za chama cha akina mama, nakala za vitambulisho na paspoti, risiti za ada za madrasa na za skuli, na picha za harusi zetu. Tumeikabidhi mashine hii siri za nyumba, na mara nyingi hatukumbuki kuwa ni siri mpaka siku inapogoma kuwaka na mtu mmoja akasema, “Ipelekeni kwa fundi.”

Tumeona tuandike juu ya mgomo wa namna moja, ambao huwatatiza watu kuliko mingine kwa sababu una dalili mbili zinazopingana. Laptopu hutiwa chaja, taa yake ndogo ikawaka kama kawaida, na mtu akadhani kila kitu ki salama. Kisha hubonyeza kitufe cha kuwashia, na hapana kinachotokea. Feni haivumi, kioo hakibadiliki. Taa inasema mashine i hai, na mashine yenyewe imelala. Jambo hili lilitufika msimu wa masika uliopita, na katika kulitatua tulijikuta tunashughulika na mambo mawili kwa pamoja: ufundi na sitara.

Sisi ni watu wa nyumba moja katika Mji wa Kale, Mombasa: mama mkwe wetu, sisi wake wa wanawe watatu, na mabinti. Laptopu ni moja, na wenye haja nayo ni wengi. Wiki ile binti yetu mdogo alikuwa akimalizia mradi wa mwisho wa diploma yake, uliotakiwa ufike chuoni Jumatatu asubuhi. Ni desturi yake kunakili kazi yake kwenye flashi kila Ijumaa baada ya swala ya Alfajiri. Sura tatu za mwanzo zilikuwa kwenye flashi. Sura ya nne, aliyoiandika usiku wa Jumamosi hadi Alhamisi, ilikuwa ndani ya mashine tu.

Ndani ya mashine hiyo hiyo kulikuwa na picha za kupamba kwa dada yake. Wasomaji wetu wa kike hawahitaji kuelezwa kupamba ni nini. Ni usiku wa wanawake peke yao, buibui zimevuliwa, nywele zimefumuliwa na kutiwa asumini, na simu nyingi zimezuiwa mlangoni. Mpiga picha alikuwa mwanamke, na alitukabidhi kazi yake siku chache tu kabla, kwa sharti kwamba zisionwe ila na wanawake. Tulizitia kwenye laptopu ili mama mkwe achague za kuchapishwa. Katika picha zile hatukuwa sisi peke yetu. Kulikuwa na majirani, mashoga, wakwe, na wasichana wa watu.

Usiku wa Alhamisi, baada ya Isha, umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Alfajiri ya Ijumaa taa ya chaja ilikuwa inawaka, na mashine haikuwaka.

Shemeji yetu alitaka kuichukua saa ile ile. “Nipeni niipeleke mjini kabla ya swala ya Ijumaa,” alisema. “Mtoto ana siku tatu tu.”

Mama mkwe alikuwa ameketi barazani ndani na tasbihi yake. “Mashine ni yetu, mwanangu, na kuipeleka una haki. Lakini nyuso zilizomo si zetu. Ni amana za watu.”

“Mama, fundi hana haja na picha. Anatafuta riziki yake.”

“Huenda, wala simdhanii ubaya. Lakini nikiulizwa na mama za wale wasichana, nitajibu kuwa sikumdhania ubaya?”

Tunakiri kuwa hatukuwa na jibu la mara moja. Kila mmoja wao alikuwa na haki. Mtoto alikuwa na mwaka mzima wa masomo uliotundikwa kwenye sura moja, na wenye picha walikuwa na sitara yao. Tukaafikiana hivi: tungejaribu wenyewe yale ambayo mtu asiye fundi anaweza kuyajaribu bila ya kuharibu, hadi Jumamosi Alasiri. Ikiwa hapana nafuu, ingetafutwa njia ya kuyatenga yaliyomo na mashine yenyewe kabla haijatoka mlangoni.

Hizi ndizo hatua tulizozipita, nazo zaweza kumfaa kila mwenye shida kama yetu.

Kwanza, ni vyema kuelewa taa ile inasema nini. Taa ya chaji hutoa habari moja tu: kwamba umeme umetoka ukutani, umepita kwenye chaja, na umefika katika sehemu ya bodi inayosimamia betri. Haisemi kuwa bodi yote ni salama, wala kwamba kitufe kinafikisha amri yake. Ni kama maji yaliyofika kwenye tangi juu ya dari. Hayathibitishi kuwa bomba la jikoni li wazi.

Pili, chaja yenyewe ihakikishwe. Tuliichomoa kwenye ekstensheni tukaichomeka moja kwa moja ukutani, kwenye soketi tuliyoijua kuwa ni nzima. Tukasoma maandishi yaliyo nyuma ya chaja na yaliyo chini ya laptopu, tukalinganisha volti na ampea. Volti sharti zilingane. Ampea za chaja zisipungue zile zinazohitajiwa na mashine. Laptopu za kisasa zinazotumia tundu la USB-C zina mtihani wake: chaja ndogo ya simu huweza kuiwasha taa, lakini nguvu zake hazitoshi kuiamsha mashine inayohitaji wati 45 au 65. Chaja yetu ilikuwa ni ile ile iliyokuja na mashine, na maandishi yalilingana.

Tatu, tulichomoa kila kitu kilichochomekwa: kipanya, flashi, waya wa printa. Kifaa kimoja kibovu cha nje chaweza kuizuia laptopu nzima. Kisha tukachomoa chaja, tukatoa betri, kwa kuwa laptopu yetu ni ya zamani na betri yake hutoka kwa kusukuma vibanio viwili, tukabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 30. Mama mkwe alituhesabia kwa tasbihi, subhanallah 33, na zilitosha. Maana ya kufanya hivi ni kuumaliza umeme uliobaki ndani ya bodi. Umeme unapokatika na kurudi ghafla, bodi huweza kushikwa na hali isiyo kulala wala kuamka, na kuumaliza umeme ule ndiko kunakoirudisha mwanzo. Laptopu nyingi huamka kwa tiba hii peke yake. Katika zile ambazo betri yake haitoki, huchomolewa chaja tu na kitufe kikashikiliwa vivyo hivyo. Baadaye tulirejesha chaja bila betri, tukabonyeza. Tukarejesha betri, tukabonyeza tena. Kimya.

Nne, tulisikiliza na kutazama. Hapa pana tofauti kubwa ambayo wengi hawaiulizi. Je, mashine haiwaki, au inawaka na kioo ndicho kisichoonyesha? Ikiwa feni inavuma, au taa ya kitufe inawaka, au mashine ina joto, basi imeamka, na huenda maradhi yapo kwenye kioo. Huzimwa taa za chumbani, kikamulikwa kioo kwa tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Au huunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, picha ikaonekana huko. Baadhi ya mashine hutoa milio au hupepesa taa kwa idadi maalumu, na idadi hiyo ina maana yake katika kijitabu cha mtengenezaji. Mara nyingi huwa ni malalamiko ya ramu, ile kumbukumbu ya muda. Yetu haikuvuma, haikupepesa, wala haikulia. Tulijua sasa kuwa kioo hakina kosa.

Tano, tuliitazama betri yenyewe. Betri iliyovimba, inayoinua mfuniko wa chini au kibodi, ni hatari ya moto. Haitobolewi, haikandamizwi irudi mahali pake, wala haitiwi chaji tena, na kifaa chake huwekwa mbali na watoto mpaka aitwe anayejua. Yetu ilikuwa bapa na baridi, alhamdulillahi.

Hapo ndipo ulipokoma ujuzi wetu, na Jumamosi ilikuwa imekaribia adhuhuri. Binti yetu mdogo alikuwa ameanza kuiandika upya sura ya nne kwa mkono, kwenye daftari, kwa yale aliyoyakumbuka. Hakulalamika. Kila alipofika mahali palipokuwa na jedwali la hesabu, aliacha ukurasa mtupu na kuendelea.

Tulimpigia simu binti wa wifi yetu anayekaa Kisauni, ambaye amesomea kompyuta. Alifika na bisibisi ndogo za namna namna, laptopu yake mwenyewe, na kikasha chembamba chenye waya wa USB. Alituambia maneno ambayo tungependa kila mama ayajue. “Laptopu na vilivyomo ndani yake si kitu kimoja. Mashine inaweza kufa na diski ikawa hai.”

Aliweka nguo safi mezani, akachomoa chaja na betri, akagusa chuma ili kuuondoa umeme tuli mwilini mwake, kisha akafungua skrubu moja baada ya moja na kuzipanga kwenye kisahani kwa mpango aliozitoa. Alizichomoa ramu, akazipangusa meno yake, akazirudisha vizuri na kujaribu kuwasha. Haikuwaka. Ndipo alipoitoa diski, kipande cha ukubwa wa kiganja kisichofika hata unene wa kidole, akakitia katika kikasha chake na kukiunganisha na laptopu yake.

Hapana aliyesema neno. Kioo kikaonyesha mafaili, moja baada ya moja, kama yalivyoachwa usiku wa Alhamisi. Sura ya nne ilikuwapo pamoja na majedwali yake. Picha zilikuwapo. Binti yetu alilifunga daftari akaenda kutawadha, na tulipomtazama baadaye alikuwa bado amesujudu.

Ni haki tuseme pia kwamba njia hii haifunguki kwa kila mashine. Baadhi ya laptopu nyembamba za leo, hifadhi yake imegandishwa kwenye bodi na haitoki. Na katika mashine nyingi zenye Windows, diski hufungwa kwa siri, na atakayeitoa na kuiunganisha kwingine ataulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huwekwa katika akaunti ya mwenye mashine alipoianzisha. Inafaa kuutafuta leo, mashine ikiwa nzima, uandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati za nyumba.

Kazi ya mradi iliendelea kwenye laptopu ya Kisauni usiku ule na siku ya Jumapili, na Jumatatu ilifika chuoni kwa wakati wake. Picha zilihamishiwa kwenye diski ya nje, akaichukua mama mkwe. Ilipofika Jumanne, shemeji yetu aliichukua mashine tupu na kuipeleka kwa fundi mjini, bila diski na bila wasiwasi.

Fundi aliifungua na kuigeuza. “Diski yake iko wapi?”

“Nyumbani,” alijibu shemeji. “Ina mambo ya familia.”

“Afadhali,” fundi alisema. “Watu huniletea na kila kitu, nami hubeba dhima nisiyoitaka. Nitaijaribu kwa diski yangu.”

Shemeji yetu alituletea maneno hayo kama yalivyo, na mama mkwe alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kumbe sitara ile ilimlinda fundi pia.

Na maradhi yenyewe yalikuwa nini? Bodi ilikuwa nzima, betri nzima, chaja nzima. Kitufe cha kuwashia hakikai juu ya bodi. Huunganishwa nayo kwa utepe mwembamba. Mwisho wa utepe ule ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani, kutu ya shaba iliyoingiwa na unyevu wa chumvi. Amri ya kidole ilikuwa haifiki. Huenda mchezo wa umeme wa usiku ule ulikuwa ndio mara ya kwanza kwa mashine kuzimika kabisa baada ya muda mrefu wa kufungwa na kufunguliwa mfuniko tu, na kitufe kikahitajiwa siku ambayo hakina nguvu tena. Utepe ulibadilishwa, tundu lake likasafishwa, na mashine ikaamka.

Sisi watu wa pwani twaijua kutu hii. Hula bawaba za madirisha, hula jiko, hula baiskeli. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu, nao unyevu ukikutana na umeme huila shaba haraka zaidi. Basi laptopu isilazwe dirishani panapovuma upepo wa bahari. Ihifadhiwe ndani ya mfuko wake pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika masanduku ya viatu na mikoba. Izimwe kabisa na kuwashwa kwa kitufe walau mara moja kwa wiki, ili kasoro ya kitufe ijulikane mapema, kazi zikiwa zimekwisha kunakiliwa. Na umeme unapoanza kucheza, chaja ichomolewe mpaka utulie.

Ama kuhusu sitara, tunapenda kuwashauri wenzetu mambo haya. Picha za wanawake zisikae ndani ya mashine inayotumiwa na kila mtu. Ziwekwe katika diski ya nje yenye neno la siri, na diski ikae kwa mwanamke mmoja anayejulikana. Kazi za masomo na hesabu za chama ziwe na nakala mbili katika sehemu mbili mbalimbali. Mashine ikilazimika kwenda kwa fundi na diski yake, aende nayo mtu wa nyumbani na akae hapo hapo inapofunguliwa. Neno la siri lisitolewe ila kwa haja, na libadilishwe baada ya kazi. Iombwe risiti yenye namba ya mashine. Wala hakuna utovu wa adabu katika kuomba hivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imekuja kuiimarisha haki hiyo. Fundi mwaminifu hataudhika. Yeye ndiye wa kwanza kujua uzito wa amana.

Tunalisisitiza hili kwa sababu tumezisikia, katika vikao vyetu vya wanawake, habari za picha zilizotoka mahali zilipotengenezwa simu na kompyuta zikatembea. Msichana aliyepatwa na hayo hakufanya kosa lolote. Alihudhuria harusi tu, akapigwa picha na shoga yake. Waliobeba picha ile ndio waliokuwa na jukumu la kuilinda, na wengine wao hawakujua hata kuwa wameibeba.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni wajibu wetu sote, na kumfunga ngamia ni katika wajibu huo. Wiki hii, kabla ya jua la Ijumaa kuchwa, tunawaomba wasomaji wetu waketi na mabinti zao mbele ya mashine ya nyumbani na waulizane maswali matatu: Ndani yake mna nini? Ni cha nani? Na ikilala leo usiku isiamke, tutakipataje bila ya kukifichua? Mabinti wengi wanajua majibu ya kiufundi kuliko sisi, na sisi tunajua kwa nini majibu hayo yanahitajika. Wakikutana wawili hao meza moja, nyumba husitirika.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, awafaulishe watoto wetu katika masomo yao, na atujaalie kuwa watu wa kutunza amana zilizomo mikononi mwetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.